Tupeane uzoefu: Lowell, mji wa pamba uliojengwa juu ya mteremko wa maji. Ulipandaje, na nini hasa kiliuangusha?

MtandeNaMshindio (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa mji mmoja tu: Lowell, jimbo la Massachusetts, Marekani. Miji ya viwanda vya nguo ni mingi, lakini tukiichanganya yote tutaishia kusema "ushindani uliwamaliza", kisha kila mtu aende zake. Naomba anayejua maji aeleze maji, wa mashine aeleze mashine, wa hesabu atufungulie vitabu. Taja kipimo, taja mwaka, taja kilichoharibika na kwa nini.

Naweka msingi. Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara wa Boston, alikaa Uingereza mwaka 1810 hadi 1812 akitembelea viwanda. Waingereza walikataza kutoa mashine au michoro yake nje ya nchi, kwa hiyo alibeba mpangilio kichwani. Aliporudi akashirikiana na fundi Paul Moody, na mwaka 1814 kiwanda chao cha Waltham, mji jirani wa Boston, kikaanza kazi. Jambo jipya pale lilikuwa mpangilio: robota la pamba linaingia upande mmoja, jora la nguo linatoka upande wa pili, kazi zote chini ya paa moja. Kabla ya hapo viwanda vingi vya Marekani vilisokota tu, na uzi ukapelekwa kufumwa majumbani.

Lowell alifariki mwaka 1817. Washirika wake waliishiwa maji Waltham, wakatafuta mto mkubwa zaidi. Wakaupata Merrimack, kwenye maporomoko ya Pawtucket, ambako mto unashuka kama futi 32. Tayari kulikuwa na mfereji wa mashua uliofunguliwa mwaka 1796. Wakanunua hisa zake na mashamba ya jirani, wakasajili Merrimack Manufacturing Company mwaka 1822, na Septemba 1823 gurudumu la kwanza likazunguka. Mwaka 1826 mahali pale pakawa mji wenye jina la marehemu, 1836 ukapewa hadhi ya jiji, na sensa ya 1850 ikakuta watu zaidi ya 33,000 palipokuwa mashamba.

Karibuni.

---

FundiMaji

Mwanzisha uzi umegusa penyewe. Lowell haikuwa na makaa ya mawe, wala pamba haikui kule. Bidhaa ya kwanza ya mji ule ni maji yanayoshuka, na muuzaji alikuwa mmoja: kampuni ya mifereji iliyoitwa Proprietors of Locks and Canals. Viwanda vilikodi maji kwake.

Kipimo chao kilikuwa "nguvu ya kinu". Maana yake ni maji yanayotosha kuendesha spindeli 3,584 (vile vijiti vya chuma vinavyozunguka kusokota uzi) pamoja na mashine zote zinazoandamana nazo, kwa sababu hivyo ndivyo kilivyokuwa kinu cha pili cha Waltham. Kwa mteremko wa futi 30, nguvu ya kinu kimoja ilikuwa futi za ujazo 25 kila sekunde, yaani lita 700 na ushee. Piga hesabu: futi moja ya ujazo ya maji ina uzito wa ratili 62.4. Zidisha 25 kwa 62.4 kwa 30, gawanya kwa 550, unapata nguvu farasi 85. Hizo ni za kwenye karatasi. Gurudumu la mbao likifanya kazi kwa asilimia 70, shaftini zinafika kama 60.

Si kila kiwanda kilipata mteremko mzima kama Merrimack. Vingine viliwekwa kwenye ngazi mbili: ya juu futi 13, ya chini futi 17. Maji yaliyokwisha kutumika juu yalimwagwa kwenye mfereji wa chini na kutumika mara ya pili. Kwa futi 17, nguvu ya kinu ilihesabiwa futi za ujazo 45.5 kwa sekunde. Kwa futi 13, ilikuwa 60.5. Mifereji yote ilifika urefu wa karibu kilomita 9.

Sasa matatizo, na hapa ndipo pana utamu.

Kwanza, maji kurudi nyuma. Theluji ikiyeyuka, mto unajaa na maji ya chini ya gurudumu yanapanda. Gurudumu linaanza kuogelea: ndoo zake zinapambana na maji badala ya kuyaachia. Mwendo unashuka, na ukishuka chini unashuka kwenye kila mashine hadi ghorofa ya juu. Ndiyo maana turbini zilipokelewa haraka. Uriah Boyden alifunga ya kwanza Lowell mwaka 1844, kwenye kiwanda cha Appleton. Turbini inafanya kazi hata ikiwa imezama, ni ndogo, na inazunguka kwa kasi, kwa hiyo gia za kuongeza mwendo zinapungua. James B. Francis, mhandisi mkuu wa kampuni ya mifereji, aliuendeleza muundo huo, na turbini yenye jina lake ndiyo iliyoenea kwenye mabwawa ya umeme duniani kote.

Pili, ukame. Kiangazi mto hautoshi. Usiku viwanda vikifungwa, maji yalikusanywa nyuma ya ukuta wa bwawa, na mbao zikapachikwa juu ya ukuta kuongeza kina. Bado haikutosha, na mwaka 1845 wenye viwanda wa Lowell na wenzao wa mji jirani wa Lawrence wakashika njia ya maji ya ziwa Winnipesaukee, jimbo jingine kabisa la New Hampshire, ili wafungulie maji wakati wa uhaba.

Tatu, kila mpangaji kuchota zaidi ya alicholipia. Francis alikaa miaka akipima. Kanuni yake ya ukingo wa kumwagia maji inatumika mpaka leo: kwa futi, maji yanayopita kila sekunde ni 3.33 × (L − 0.2H) × H kwa kipeo cha 1.5. L ni urefu wa ukingo, H ni kina cha maji juu yake. Ukingo wa futi 10 na kina cha futi 1 unakupa futi za ujazo 32.6. Wanaokosea hukosea mahali pawili. Wanapima H juu kabisa ya ukingo, ambako maji yameshainama, kwa hiyo wanapata kidogo kuliko kinachopita. Pima nyuma, maji yalikotulia. Au wanasahau kuacha nafasi ya hewa chini ya pazia la maji. Bila hewa pazia linaganda ukutani na maji yanapita mengi kuliko kanuni inavyosema.

Na Francis huyohuyo alijenga lango kubwa la mbao juu ya mfereji wa zamani, likaning'inizwa kwa pingu ya chuma likisubiri mafuriko ambayo watu waliona hayatakuja. Walilicheka. Mwaka 1852 mto ulifurika, pingu ikakatwa kwa tindo, lango likashuka na jiji likapona. Mwaka 1936 likaokoa jiji tena.

---

FundiPuli

Mkuu FundiMaji umemaliza chini, nipande juu.

Nguvu ikishatoka kwenye gurudumu ilipandaje ghorofa nne au tano? Kwa mtindo wa Kiingereza, shafti nzito za wima na gia za chuma cha kuyeyushwa. Paul Moody aliachana nazo mwaka 1828 kwenye kiwanda cha Appleton, akatumia mikanda mipana ya ngozi. Gia ilihitaji uchongaji sahihi ambao mafundi wa Marekani wa wakati ule hawakuumudu vizuri. Mashine moja ikikwama, jino linavunjika na jengo zima linasimama. Mkanda unateleza tu, ukizidi unakatika, na fundi anauunga.

Lakini mkanda una masharti. Upande wa manyoya wa ngozi ndio unaokaa kwenye puli, maana ni laini na unashika vizuri. Matundu ya kushonea yapishane, yakipangwa mstari mmoja utakuwa umeuchorea mahali pa kuchanikia. Puli iwe na mgongo kidogo katikati, kwa sababu mkanda hupanda kuelekea palipoinuka na hivyo haudondoki pembeni. Hewa ikiwa na unyevu ngozi inalegea. Ukiukaza siku ya mvua, siku kavu utavuta beringi mpaka zichemke.

Kila mashine ilikuwa na puli mbili pamoja, moja imefungwa kwenye shafti na nyingine inazunguka bure. Kusimamisha, unausukuma mkanda uhamie kwenye ya bure. Chumba kimoja kikisimama ghafla, mzigo unapungua na vyumba vingine vinaongeza kasi, nyuzi zinaanza kukatika. Kwa hiyo lango la maji lilihitaji kidhibiti mwendo, na vidhibiti vya zamani vilichelewa.

Ghorofa zilipangwa kufuata uzito na njia ya pamba: mashine za kuchana chini, za kusokota juu yake, za kufuma zikifuata, na utayarishaji wa mtande mara nyingi juu kabisa. Kufungua marobota kulifanywa jengo la pembeni, maana vumbi la pamba likichanganyika na mafuta ya beringi ni baruti. Ngazi ziliwekwa kwenye mnara wa nje ili moto usipande kupitia katikati ya jengo, sakafu zikawa za mbao nene juu ya boriti kubwa. Boriti nene huungua polepole, nje inakuwa mkaa na ndani bado imebeba.

---

mgeni_wa_nguo

Wakuu, ninaomba kueleweshwa. Kama kiwanda kinasokota chenyewe, kwa nini uzi usiende moja kwa moja kufumwa? Huo "utayarishaji wa mtande" ni nini?

---

MamaBobini

Karibu mwanangu, swali zuri.

Mtande ni nyuzi za urefu, mshindio ni za kupita. Mshindio unapita mara moja na kutulia. Mtande unavutwa, unainuliwa na kushushwa na kusuguliwa na kitana (kile kichana kinachosukuma mshindio ukae mahali pake) mara maelfu kabla haujawa nguo. Uzi mtupu wa pamba ukienda hivyo unatoa manyoya, manyoya yanashikana, unakatika. Kwa hiyo unapakwa wanga.

Wanga wa mahindi au viazi unachemshwa kwa maji, unatiwa mafuta kidogo ya mnyama ili uzi usikakamae. Usipochemka vizuri, mabonge yanakwama kwenye kitana. Ukiwa mwepesi mno, manyoya yanabaki. Ukiwa mzito au ukikaushwa kupita kiasi, uzi unakuwa kama waya, unakatika bila hata kuvutika. Ndiyo sababu vyumba vya kufuma madirisha yalifungwa hata kiangazi na hewa ikanyunyiziwa maji. Kwa uzi ilikuwa afya. Kwa mfumaji ilikuwa kupumua mvuke na vumbi saa kumi na mbili kwa siku.

Mtande ukikatika, mfumaji anasimamisha mashine, anafunga kipande cha uzi kwa fundo dogo bapa, anakipitisha kwenye jicho lake (tundu la waya unaouinua na kuushusha) na kwenye mwanya wake wa kitana. Akikosea mwanya mmoja, nguo inatoka na mstari kuanzia hapo mpaka jora liishe. Akiwasha mashine bila kurudisha nguo mahali sahihi, unapatikana mkanda mzito au mwepesi wa kukatiza upana, na mkaguzi anakata malipo.

Ajali mbaya kuliko zote ni ile mbao yenye umbo la mtumbwi, inayobeba bobini ya mshindio, kunasa katikati ya mtande. Hutokea kamba ya ngozi ya kuipigia ikichoka: pigo linakuwa dhaifu, kitumbwi hakifiki kwenye sanduku lake kwa wakati, kitana kinakuja na kukibana. Kuna fimbo ya usalama inayopaswa kugonga na kusimamisha mashine. Isiporekebishwa, nyuzi kwa mamia zinakatika kwa pigo moja, na kuziunga ni kazi ya siku.

Kitumbwi hichohicho kilileta ugonjwa. Bobini mpya ikiwekwa, mfumaji aliuvuta uzi kupitia tundu dogo kwa kuunyonya kwa mdomo. Kitumbwi kimoja kilipita midomo mingi, na kifua kikuu kilikuwa kimejaa mjini. Massachusetts iliupiga marufuku mtindo huo mwaka 1911.

Tusiwasahau wenyewe waliofanya kazi. Miongo ya mwanzo walikuwa hasa mabinti wa mashambani wa New England, wakilala kwenye nyumba za bweni za kampuni, kengele ikiwaamsha, ikiwaingiza, ikiwatoa. Wastani wao ulikuwa saa 73 kwa wiki. Februari 1834 walitangaziwa kupunguziwa malipo, wakagoma, wakashindwa. Oktoba 1836 gharama ya bweni ilipopandishwa walitoka zaidi ya 1,500, na safari ile wakashinda. Miaka ya 1840 Sarah Bagley na wenzake walipeleka maombi bungeni kudai siku ya saa kumi. Sheria ya saa kumi kwa wanawake na watoto Massachusetts ilikuja mwaka 1874. Hesabu mwenyewe miaka.

---

JoraLaMerikani

Nguo yenyewe ilikwenda wapi? Sehemu yake ilikuja kwetu. Neno "merikani" katika Kiswahili ni nguo nzito ya pamba isiyopaushwa iliyotoka viwanda vya Massachusetts, ikiletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa biashara wa 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said. Merikani ikawa fedha ya misafara: mikono minne ni shuka moja, mikono minane ni doti, na nguo nzima ni jora. Ilipendwa kwa uzito wake na kwa sababu haikujazwa wanga kuficha wepesi. Ukiifua inabaki nguo.

Na pamba ilitoka wapi? Mississippi, Alabama, Louisiana, ikilimwa na watumwa. Lowell ilifuma pia nguo ya bei ya chini kabisa ya kuwavisha watumwa haohao. Mwaka 1848 Charles Sumner, mwanasiasa wa Massachusetts aliyepinga utumwa, alisimama na kulaani ule muungano wa mabwana wa mjeledi na mabwana wa mashine za kufuma. Wengi mjini hawakupenda kusikia.

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza mwaka 1861, merikani ikaadimika Zanzibar, na nguo za Uingereza na India zikajaza pengo. Soko lile halikurudi kama lilivyokuwa.

---

KaraniWaVitabu

Hapo kwenye vita ndipo pa kuanzia anguko, ingawa mji uliendelea kukua kwa miaka sitini mingine.

Viwanda vingi vya Lowell vilikuwa na akiba ya pamba vita vilipoanza. Bei ikapaa, na wakurugenzi wakaamua kuuza pamba ghafi badala ya kuifuma. Faida ya haraka ilipatikana. Maelfu ya wafanyakazi wakafukuzwa, wakatawanyika. Wenzao wa miji mingine waliosubiri wakakuta wana watu na mashine tayari.

Uamuzi ule unaonyesha mji ulivyotawaliwa. Msimamizi wa kiwanda alikaa Lowell, lakini mweka hazina, wakurugenzi na nyumba za kuuzia nguo walikuwa Boston. Nyumba ya mauzo ilipata kamisheni kwa kila yadi, kiwanda kipate faida au kisipate. Wenye hisa, wengi wao warithi, walitaka gawio kila mwaka. Uchakavu wa mashine ukiuandika mdogo vitabuni, gawio linaonekana kubwa. Ukweli ni kwamba unamgawia mwenye hisa mashine yako kipande kipande.

Wakati huohuo stimu ilikomboa viwanda kutoka mtoni. Fall River na New Bedford ziko kandokando ya bahari, makaa yalifika kwa meli. Lowell nayo ilifunga injini za stimu, lakini makaa yake yalipaswa kupandishwa treni, na majengo yake yalikuwa yameunganishwa kipande kwa kipande tangu miaka ya 1830.

Halafu Kusini mwa Marekani, hasa majimbo mawili ya Carolina. Wengi hutaja mishahara ya chini pekee. Angalieni saa. Sheria ya Massachusetts ya 1919 iliweka saa 48 kwa wiki kwa wanawake na vijana. Kusini zamu ya saa 55 ilikuwa kawaida, na viwanda vilikwenda zamu mbili. Kodi, bima na riba ya mashine ni ileile. Mmoja anaigawa kwa saa 48, mwingine kwa 110. Hata mishahara ingekuwa sawa, yadi ya Lowell ingekuwa ghali zaidi.

Vita Kuu ya 1914 ilileta oda nyingi na kuficha ugonjwa. Sensa ya 1920 ilihesabu watu 112,759. Ya 1930 ikakuta 100,234. Kufikia katikati ya miaka ya 1930, kati ya kampuni kubwa za asili zilibaki tatu: Merrimack, Boott na Lawrence.

---

MamaBobini

Karani, nakubaliana na saa, lakini sheria ya kumlinda mfanyakazi haikuua mji. Mashine ya zamani ndiyo iliyoua. Mwaka 1894 kampuni ya Draper ya Hopedale, humohumo Massachusetts, ilianza kuuza mashine ya Northrop. Ina kikapu cha duara kinachobeba bobini. Ya ndani ikikaribia kuisha, mpya inagongwa na kuingia, ya zamani inadondoka chini, mashine haijasimama. Kila uzi wa mtande umevishwa kijibati chembamba. Uzi ukikatika kijibati kinaanguka na mashine inasimama yenyewe. Mfumaji aliyeangalia mashine nane akaweza kuangalia 20. Na kile kitumbwi cha kunyonya hakihitajiki tena.

Imetengenezwa umbali wa safari ya siku moja kutoka Lowell, lakini walioikimbilia ni Kusini, kwa sababu walikuwa wanajenga upya. Lowell walisema mashine zetu bado zinafuma. Ni kweli zilifuma.

---

KaraniWaVitabu

Dada, hapo hatupingani. Fedha ya kununulia Northrop ndiyo iliyokuwa imegawiwa.

---

FundiPuli

Niongeze kwamba Northrop ni nzito na inatikisa zaidi. Kuifunga ghorofa ya nne ya jengo la 1835 ni kualika matatizo: sakafu inacheza, shafti inapoteza mstari, beringi zinachemka. Kusini walijenga majengo ya ghorofa moja au mbili, sakafu imara, mota za umeme. Kwa hiyo kubadili mashine Lowell kulimaanisha kubadili na jengo.

---

MtandeNaMshindio

Asanteni sana wakuu. Nikamilishe tarehe: Boott ilifungwa katikati ya miaka ya 1950, Merrimack mwaka 1958, na majengo ya Merrimack yakabomolewa muda mfupi baadaye. Mwaka 1978 serikali ya Marekani ikaifanya sehemu ya mji kuwa hifadhi ya taifa ya historia, mifereji ikiwemo.

---

mgeni_wa_nguo

Na maji je? Yameachwa tu?

---

FundiMaji

Hapana. Mfereji wa Kaskazini, aliousimamia Francis na kumalizika mwaka 1847, bado unalisha mtambo wa umeme. Mteremko ni uleule, uzito wa maji ni uleule.

---

MamaBobini

Na kwenye jengo la Boott kuna chumba chenye mashine 88 za kufuma zilizofungwa kama zamani, mikanda ikishuka kutoka kwenye shafti za darini. Huwashwa chache tu kwa wakati mmoja, na mlangoni unapewa vizibo vya masikio. Ukipata nafasi, simama kando ya mashine inayofuma uangalie ukingo wa nguo. Ukiona vitanzi vidogo vimejitokeza upande mmoja tu, ujue kitumbwi kinarudi nyuma kidogo kila kinapoingia sanduku la upande ule. Fundi anapaswa kukaza breki ya sanduku hilo kabla bobini haijaisha.